Paraguay, Taiwan na chanjo za 2021: nchi ndogo ilibanwa na bado haikugeuka

Tuanze na Machi 2021. Mwezi ule sisi Tanzania macho na masikio yote yalikuwa kwenye msiba wa Rais Magufuli, kwa hiyo sidhani kama kuna wengi waliofuatilia yaliyokuwa yanaendelea Asunción, mji mkuu wa Paraguay. Ila kwa yeyote anayetaka kuelewa diplomasia inavyofanya kazi pale nchi ndogo inapobanwa na wakubwa, mimi sijaona kisa kinachofundisha kuliko hiki.

Hali ilikuwa hivi. Hospitali zilizokuwa zinapokea wagonjwa wa Corona zimejaa. Nje ya Ineram, hospitali ya magonjwa ya kupumua pale Asunción, ndugu wa wagonjwa wamepiga mahema na wanalala palepale, maana mgonjwa akishawekewa mpira wa kupumulia anahitaji dawa za usingizi na za kulegeza misuli, midazolam, atracurium na kadhalika, hospitali haina, basi ndugu ndio wanazunguka maduka ya dawa na karatasi ya daktari mkononi. Watu waliuza magari, walikopa, walichoma kuku na kuuza mtaani ili wapate hela ya dozi ya siku hiyo, kule wanaita pollada na ni njia ya miaka mingi ya familia za kawaida kulipia matibabu. Na hii ni nchi ambayo mwaka mmoja kabla serikali ilikuwa imeruhusiwa kukopa hadi dola bilioni 1.6 kwa ajili ya dharura ya Corona, kwa hiyo swali la wananchi lilikuwa jepesi tu, hela iko wapi.

Tarehe 5 Machi wakaingia barabarani. Polisi wakapiga mabomu ya machozi na risasi za mpira, waziri wa afya Julio Mazzoleni akajiuzulu siku hiyohiyo, mawaziri wengine wakaondolewa, na upinzani ukajaribu kumng'oa Rais Mario Abdo Benítez bungeni ikashindikana kwa sababu chama chake cha Colorado kilikuwa na idadi.

Chanjo sasa. Nchi ya watu milioni 6 na kidogo, mwezi Februari ilikuwa imepokea dozi 4,000 za Sputnik V kutoka Urusi. Elfu nne! Chile ikawapa 20,000 za Sinovac kama msaada wa jirani. Kupitia COVAX, ule mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo, zikaja 36,000 za AstraZeneca wakati mgao walioahidiwa ulikuwa wa mamilioni. Huku majirani wakubwa, Brazil, Chile, Argentina, wanachanja watu kwa chanjo za China ambazo kipindi kile ndizo zilizokuwa zinapatikana haraka kwa nchi zisizo tajiri.

Paraguay haikuweza kupiga simu Beijing na kuagiza kama wenzake kwa sababu haina ubalozi Beijing, na haina ubalozi kwa sababu ndiyo nchi pekee Amerika ya Kusini inayoitambua Taiwan. Kwa wasiofuatilia, Beijing haikubali nchi iwe na ubalozi kwake na Taipei, mji mkuu wa Taiwan, kwa wakati mmoja, ukitaka huku unakata kule, na kukata maana yake kufunga ubalozi, kushusha bendera na kutamka hadharani kwamba Taiwan ni sehemu ya China. Biashara haikatazwi, wafanyabiashara wa Paraguay wananunua China kila siku, lakini ununuzi wa chanjo mwaka 2021 haukuwa biashara ya kawaida, ulikuwa unapita serikali kwa serikali na kila dozi inagombaniwa.

Hapo ndipo ikatokea lile jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha kisa chote. Tarehe 22 Machi wizara ya mambo ya nje ya Paraguay ilitoa taarifa kwamba kuna watu wamejitokeza wakiahidi kuwapatia chanjo za China kwa sharti la kukata uhusiano na Taiwan, na kwamba watu hao hawakuwa na uthibitisho kuwa kweli wametumwa na serikali ya China. Beijing ikakana kuhusika. Kwa hiyo tusiseme China ilitoa ofa, hilo halikuthibitishwa. Kilichothibitishwa ni kwamba walikuwepo madalali, na kwamba wizara nzima iliona uzito wa jambo hilo kiasi cha kulitangaza, na kwamba ndani ya Asunción wanasiasa walikuwa wanauliza waziwazi huyu rafiki wetu Taiwan ana faida gani kama siku tunakufa hana chanjo ya kutupa. Na ni kweli hakuwa nayo, Taiwan yenyewe wakati ule ilikuwa inahangaika kutafuta chanjo za watu wake.

Binafsi naona dalali anayekuja na ofa ya namna hiyo wakati watu wanalala nje ya hospitali ni mtu asiye na haya, awe ametumwa au amejituma.

Sasa huwezi kuelewa kwa nini hawakugeuka bila kurudi nyuma. Uhusiano ulianza 1957, enzi za Jenerali Alfredo Stroessner aliyetawala kuanzia 1954 mpaka alipopinduliwa 1989. Stroessner na Chiang Kai-shek, mtawala wa Taiwan enzi hizo, walikuwa wamefanana, wanajeshi wote, wapinga ukomunisti wa kufa na kupona, wote wanaitegemea Marekani. Asunción kuna sanamu ya Chiang mpaka leo. Na Abdo Benítez mwenyewe ni mtoto wa aliyekuwa katibu binafsi wa Stroessner, kwa hiyo hii kitu kwake ilikuwa ya nyumbani kabisa.

Na hapa kuna kipande kinachotuhusu sisi moja kwa moja. Tarehe 25 Oktoba 1971 Umoja wa Mataifa ulipiga kura ya azimio namba 2758, lile lililoipa Beijing kiti cha China na kuwaondoa wawakilishi wa Chiang. Kura 76 zilikubali, 35 zilikataa, 17 hazikuegemea. Tanzania ilikuwa mstari wa mbele kabisa kuipigania Beijing, balozi wetu pale New York alikuwa Salim Ahmed Salim, kijana mdogo tu wakati huo, na furaha yake ukumbini siku ile Wamarekani hawakuisahau, miaka kumi baadaye wakamwekea kura ya turufu alipogombea ukatibu mkuu wa UN. Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi nazo zilikubali. Congo ya Mobutu ilikataa, na Paraguay ilikataa. Congo baadaye iligeuka na ikajenga urafiki mkubwa na Beijing kama wengi wengine. Paraguay ikabaki pale ilipo. Afrika nzima leo aliyebaki na Taiwan ni Eswatini peke yake, na duniani kote wamebaki 12.

Baada ya Stroessner kuanguka, sababu za kiitikadi zilitakiwa ziishe, na kweli zilipungua, ila Taiwan ilikuwa imeshajua jinsi ya kukaa karibu na wenye maamuzi. Jengo la Bunge la Paraguay lililofunguliwa 2003 pembeni ya mto lilijengwa kwa msaada wa Taiwan, kiasi cha dola milioni 20 hivi. Nyumba za bei nafuu, skolashipu, ufugaji wa samaki aina ya surubí, kilimo cha maua ya okidi, mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wagonjwa hospitalini, na baadaye chuo kikuu cha ufundi cha Taiwan na Paraguay. Ni misaada ya ukubwa wa wastani ila inaonekana kwa macho, na kila mradi una mbunge au meya anayeukatia utepe.

Hata Fernando Lugo, yule aliyekuwa askofu, akashinda urais 2008 na kuvunja utawala wa Colorado wa miaka zaidi ya 60, alikuwa ameongelea kufungua uhusiano na Beijing, na alipoingia madarakani akabaki na Taiwan. Hapo watu wengi wanamlaumu Lugo kwa kigeugeu lakini nadhani wanasahau mazingira, miaka ile Ma Ying-jeou alikuwa ndiyo kwanza ameingia madarakani Taipei na pande mbili zilikuwa zimetulizana, Beijing haikuwa inawawinda marafiki wa Taiwan. Mlango ulikuwa umefungwa upande wa pili. Kuanzia 2016 hali ikageuka, Panama ikaondoka 2017, Jamhuri ya Dominika na El Salvador 2018, Nicaragua Desemba 2021, Honduras Machi 2023.

Kwa hiyo chanjo zilipokuja kuwa ishu, tayari presha ilikuwepo. Mwaka mmoja kabla, Aprili 2020, Seneti ya Paraguay ilipigia kura pendekezo la mrengo wa kushoto, Frente Guasu, la kuitaka serikali ifungue uhusiano na China, hoja ikiwa ni hiyohiyo ya janga na vifaa vya hospitali. Likashindwa kwa kura 25 dhidi ya 16. Ukiangalia hizo 16 utaona siyo jambo dogo, ni theluthi nzuri ya Seneti iliyokuwa tayari kubadilisha sera ya miaka 63.

Nije kwenye uchumi, maana hapa ndipo uchambuzi mwingi unapopotea. Watu husema Paraguay inakosa soko la China, basi, inaumia. Siyo sahihi sana. Angalia soya, zao lao namba moja, mwaka wenye mvua wanavuna karibu tani milioni 10. Soya haisubiri ubalozi. Inapakiwa kwenye matishari, inashuka mto Paraguay na Paraná, msafara mrefu wa matishari yaliyofungwa pamoja yakisukumwa na boti moja, mpaka viwanda vya Rosario na San Lorenzo kule Argentina, inakamuliwa, mafuta na mashudu yanaingia soko la dunia, na bei inapangwa na soko hilohilo ambalo China ndiyo mnunuzi mkubwa. Mkulima wa mikoa ya Itapúa au Alto Paraná analipwa bei ya dunia hata kama Xi Jinping na rais wake hawajawahi kupeana mkono. Kuingiza bidhaa ndiyo kabisa, China ndiyo inayoiuzia Paraguay vitu vingi kuliko nchi yoyote, simu, matairi, nguo, vifaa vya umeme, na sehemu kubwa inaishia Ciudad del Este, mji wa mpakani ambao zamani uliitwa jina la Stroessner, Wabrazil wanavuka Daraja la Urafiki wananunua wanarudi. Na kwenye maduka yale utakuta wafanyabiashara wenye asili ya Taiwan waliohamia miaka ya nyuma wakiuza mali ya Shenzhen, China.

Yaani Paraguay na China wanafanya biashara kupitia mlango wa uani miaka yote, na mlango huo ndio uliofanya urafiki na Taiwan uweze kubebeka. Ungekuwa unaikatia nchi chakula ungeshavunjika zamani.

Anayeumia kweli ni mfugaji. Nyama ya ng'ombe haiwezi kupita kwa jirani ikabadilishwa jina, inahitaji cheti cha mifugo, ukaguzi wa machinjio na makubaliano ya serikali mbili. Brazil, Argentina na Uruguay wanauza China kwa mabilioni ya dola, na mfugaji wa Chaco, eneo la ufugaji magharibi mwa Paraguay, anaona ng'ombe wa aina ileile ng'ambo ya mpaka wanapata soko ambalo yeye amefungiwa. Ndiyo maana chama cha wafugaji, Asociación Rural, hakijawahi kunyamaza kwenye hili, na hawa siyo watu wadogo, ni matajiri wenye ardhi, na wengi wako ndani ya Colorado hiyohiyo. Taiwan inalijua hilo vizuri, ndiyo sababu mkataba wa kiuchumi wa 2017 ulifungua zaidi soko lake na Taiwan ikawa kati ya wanunuzi wakubwa wa nyama ya Paraguay, baadaye na nguruwe nao wakaingia. Lakini Taiwan ina watu milioni 23. Ina mwisho wake.

Sasa rudi kwenye Machi 2021 ukiwa na picha hiyo, utaona kwa nini ilikuwa hatari kuliko miaka mingine yote. Mlango wa uani ulibana. Kila nchi ilikuwa inashikilia chanjo zake na jirani anaweza kukupa 20,000 za huruma, hawezi kukupa milioni mbili. Kwa mara ya kwanza gharama ya kuwa rafiki wa Taiwan ikahama kutoka kwa mfugaji tajiri ikaenda kwa bibi anayekosa hewa Ineram. Nadhani ndiyo sababu Washington ilishtuka haraka, tarehe 14 Machi waziri wa mambo ya nje Antony Blinken alimpigia simu Abdo na kumsisitizia aendelee kushirikiana na wenzake wa kidemokrasia, Taiwan ikitajwa. Simu tupu, bila chanjo, wakati Marekani yenyewe ilikuwa imekalia akiba kubwa. Hilo nalo liliwaudhi Waparaguay na walikuwa na haki ya kuudhika.

Aliyeokoa jahazi kwanza akawa India. Mwishoni mwa Machi zikatua dozi 100,000 za Covaxin kama msaada, na 100,000 nyingine zikafuata. Joseph Wu, waziri wa mambo ya nje wa Taiwan wakati huo, akaeleza mwezi Aprili kwamba walikuwa wameongea na nchi zenye msimamo kama wao, Japani, Marekani na India, na kwamba India ndiyo iliyoweza kutoa. India ilikuwa na sababu zake, mwaka mmoja nyuma wanajeshi wake 20 walikuwa wameuawa na Wachina bonde la Galwan na haikuwa na hamu ya kuona Beijing ikipata ushindi wa bure popote. Kwa hiyo nchi isiyo na bahari katikati ya Amerika ya Kusini ikajikuta inapata chanjo kwa sababu ya ugomvi wa mpaka wa Himalaya na mlango-bahari wa Taiwan. Lakini haikudumu, wimbi la pili likaipiga India vibaya Aprili na Mei, ikasimamisha kutuma nje, na Juni 2021 Paraguay ikawa kati ya nchi zinazozika watu wengi zaidi duniani kwa kulinganisha na idadi ya watu wake.

Ahueni ya kweli ilikuja Julai, Marekani ilipotuma dozi milioni 1 za Pfizer, na baadaye milioni nyingine. Na katikati hapo zikawa zimeshaingia Sinopharm kupitia Falme za Kiarabu, chanjo ya Kichina kabisa bila ubalozi wa China, mlango wa uani tena.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la kwa nini hawakugeuka ni hili. Siyo uaminifu peke yake, ingawa Colorado wanapenda kuupamba hivyo, na siyo hongo kama wapinzani wanavyodai. Ni kwamba wenye kufaidika na Taiwan wako karibu na madaraka na faida yao ni ya uhakika, wakati faida ya China ni ya baadaye, itaenda kwa kundi la wafugaji ambao hata hivyo hawatahama chama kwa sababu hiyo, na waliobeba maumivu ya 2021, wale wa kwenye mahema, hawakuwa na mtu mezani. Tena Paraguay ilishajua kwamba ukiwa wa mwisho bara zima thamani yako iko palepale kwenye kuwa wa mwisho. Ukihama unakuwa mteja wa kawaida wa Beijing, mdogo kuliko Uruguay kibiashara, unapanga foleni. Honduras ilihama 2023 na wafugaji wao wa kamba wakapoteza soko la Taiwan walilolizoea kabla ya kupata la China lenye bei inayolingana. Asunción waliliona hilo.

Ila kuna kitu nawapa maksi Waparaguay, walijifunza kudai. Septemba 2022 Abdo aliliambia gazeti la Financial Times kwamba Taiwan ina uwekezaji wa dola bilioni 6 kwenye nchi zisizo rafiki zake, na kwamba wao wangependa bilioni 1 ije Paraguay. Wengine walimcheka kwamba anaweka urafiki mnadani. Mimi sioni kosa, baada ya kuzika watu wako kwa sababu ya msimamo ambao mwenzako ananufaika nao, kumwomba awekeze ni haki, tena alichelewa.

Uchaguzi wa Aprili 2023 ulikuwa kama kura ya maoni ya jambo hili. Efraín Alegre wa upinzani alisema ataangalia upya uhusiano na Taiwan kwa sababu ya soko la nyama na soya. Santiago Peña wa Colorado akasema anabaki. Peña akashinda kwa karibu 43% dhidi ya 27%, japo kusema ukweli wananchi wengi walipigia kura ajira, rushwa na mgawanyiko wa upinzani kuliko sera ya nje. Lai Ching-te, akiwa bado makamu wa rais wa Taiwan, alihudhuria kuapishwa kwake Agosti, na Peña akaenda Taipei Mei 2024 Lai alipoapishwa kuwa rais.

Halafu Desemba 2024 ikaja tukio lililoonyesha presha haijaisha. UNESCO ilikuwa na mkutano Asunción wa urithi wa kitamaduni, na China ikatuma mjumbe anaitwa Xu Wei. Badala ya kukaa mkutanoni akaenda Bungeni, jengo lilelile la hela za Taiwan, akaongea na wabunge na waandishi akiwahimiza Paraguay iachane na Taipei. Serikali ikamfutia viza na kumpa saa 24 awe ameondoka. Ninavyoona Peña alikuwa sahihi kabisa kwenye hili, mgeni uliyempa viza ya mkutano wa utamaduni hawezi kugeuza ziara kuwa kampeni ndani ya bunge lako, iwe ni mgeni wa China, Marekani au Taiwan.

Kwa sasa Peña ana nguvu ya kubaki alipo kwa sababu Marekani ilifungua soko lake kwa nyama ya Paraguay mwishoni mwa 2023, kwa hiyo mfugaji wa Chaco ana mahali pengine pa kuuza na kelele zimepungua. Na Asia ya Paraguay siyo Taiwan tu, kuna Wajapani waliofika La Colmena tangu 1936 ambao wazao wao ni kati ya wakulima hodari wa soya, mawaziri wakuu wa Japani walifika, Shinzo Abe 2018 na Kishida 2024, na Peña mwenyewe alikwenda New Delhi Juni 2025. Katiba yao hairuhusu rais kurudia muhula, hivyo 2028 atakuja mwingine, na yeyote atakayekuja ataamua kwa kuangalia bei ya ng'ombe Washington na Taipei mwaka huo iko vipi ikilinganishwa na Shanghai.